Tundu la Milimita Nane

Mgema wa pwani hupanda mnazi na kisu chake, hukata ncha ya karara changa, hufunga kibuyu na kushuka. Asubuhi na jioni hurudi kukata tena kipande chembamba, kwa sababu jeraha likiachwa hukauka na tembo hukoma. Hapo ndipo ilipo kazi yote ya ugemaji, popote duniani: mtu anataka jeraha libaki wazi, na mti unataka kulifunga.

Mvutano huo una historia ndefu mahali pasipo na mnazi hata mmoja. Kaskazini mashariki mwa Marekani na kusini mashariki mwa Kanada hugemwa mti wa mepo, na utomvu wake huchemshwa kuwa shira. Jimbo la Quebec peke yake hutoa takriban asilimia 70 ya shira yote ya mepo duniani, na ndani ya Marekani Vermont ndiyo inayoongoza. Kifaa chenye historia hiyo ni kidogo kama kidole. Ni mrija unaopigiliwa kwenye tundu la mti ili utomvu upate njia ya kutokea.

Mepo hugemwa mwisho wa majira ya baridi, wakati usiku maji huganda na mchana huyeyuka. Baridi ya usiku huubana ubao, na mti hufyonza maji kutoka mizizini. Joto la mchana likija, gesi iliyobanwa ndani ya ubao hutanuka na kuusukuma utomvu. Ukikuta jeraha, hutoka. Ni mwembamba kama maji, una sukari ya asilimia mbili hivi, na huhitajika takriban lita 40 kupata lita moja ya shira. Waanishinaabe, mojawapo ya mataifa ya asili ya eneo hilo, husimulia kwamba zamani mti huu ulitoa shira nzito moja kwa moja, watu wakalala chini yake midomo wazi na kusahau kazi, mpaka Nanabozho akaja kuitia maji. Sisi husema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Huku aliyesifiwa ni mti, na maji yakatiwa kwa sababu ya uvivu wa wanywaji.

Mataifa hayo ya asili yaligema mepo kabla ya Mzungu yeyote kufika. Walichanja gome kwa mshazari, wakapachika kibanzi cha mti chini ya mchanjo, utomvu ukateleza juu yake hadi kwenye chombo cha gome. Walowezi walijifunza kutoka kwao, kisha sehemu kubwa ya misitu ile ikawa mali ya walowezi. Kwa shoka la chuma wakachanja kwa kina zaidi. Mti uliochanjwa hivyo kila mwaka haukudumu sana.

Mwaka 1791 daktari Benjamin Rush wa Philadelphia alimwandikia Thomas Jefferson waraka mrefu kuhusu mepo. Hoja yake ilikuwa ya kisiasa. Sukari ya miwa ilizalishwa na watumwa visiwani Karibi. Sukari ya mepo ingeweza kutengenezwa na familia ya mkulima, bila mjeledi. Jefferson, ambaye yeye mwenyewe alimiliki mamia ya watumwa, alivutiwa na wazo hilo, akapanda miche ya mepo shambani kwake Monticello mwaka huohuo. Mingi haikustawi, na miwa haikushindwa. Lakini katika waraka huo Rush aliandika pia jambo la kiufundi: tundu huweza kutobolewa kwa shoka au kwa keekee, na waliojaribu zote mbili walipendelea keekee. Mrija ulichongwa kutoka vijiti vya vichaka ambavyo moyo wake ni laini kama sifongo. Ukiusukuma nje kwa chuma cha moto, umepata bomba. Akataja mti mmoja uliogemwa mara 42 katika miaka 42 na bado ukastawi. Hesabu hiyo ndiyo hasa tofauti kati ya shoka na keekee. Tundu la duara lilikuwa dogo, na mti uliweza kuishi nalo.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mrija wa mti ulianza kuachia nafasi mrija wa chuma, wenye ndoano ya kutundikia ndoo. Tundu la kawaida likatulia kwenye upana wa inchi saba ya kumi na sita, yaani milimita 11. Kilichobaki kigumu kilikuwa kubeba. Kila ndoo ilimwagwa kwa mkono, kwenye theluji inayofika magotini, kisha utomvu ukavutwa kwa farasi hadi kwenye kibanda cha kuchemshia.

Miaka ya 1950 plastiki iliiondoa ndoo. Wagunduzi kadhaa, wakiwemo Nelson Griggs wa Vermont na George Breen na Robert Lamb wa jimbo la New York, walibuni kila mmoja kwa njia yake mfumo wa mipira myembamba inayounganisha mti na mti na kuteremka mlimani hadi kwenye tangi. Mrija ukaacha kuwa mdomo unaodondosha utomvu, ukawa kiungo cha mfumo uliofungwa. Na mfumo ukishafungwa, unaweza kuunganishwa na pampu ya kunyonya hewa.

Watu wengi husikia neno pampu wakadhani mti unafyonzwa damu. Pampu kwa kweli hupunguza hewa ndani ya mipira. Utomvu hutoka kwa sababu msukumo ndani ya mti unazidi ule wa nje. Ukiushusha wa nje, tofauti inaongezeka, na utomvu hutoka hata siku ambazo ungekuwa unadondoka kivivu. Ombwe hupimwa kwa inchi za zebaki. Kwenye usawa wa bahari ombwe kamili ni karibu inchi 30, na mitambo mizuri ya leo hufika 25 au zaidi. Mkulima anaweza kupata takriban mara mbili ya mavuno ya ndoo.

Hata hivyo pampu haikuondoa tatizo la mgema wa pwani. Wiki chache baada ya kutobolewa, tundu hukauka. Bakteria na kuvu huingia na kuzaliana kwenye utomvu wenye sukari, na mti hujibu kwa kuziba vinyweleo vyake. Miaka ya 1960 dawa iliyoenea ilikuwa kidonge cha paraformaldehaidi kilichosukumwa ndani ya tundu. Kikilowa hutoa formaldehaidi, kemikali ileile iliyomo kwenye formalini ya kuhifadhia maiti. Kidonge kilifanya kazi. Kiliua vijidudu, na tundu likaendelea kutoa utomvu hadi mwisho wa msimu.

Kilichokiangusha ni ujuzi mpya kuhusu mti wenyewe. Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya serikali ya Marekani, alipasua maelfu ya magogo kwa msumeno wa mnyororo na kutazama ndani. Alionyesha kwamba mti hauponi kama ngozi ya mtu inavyopona. Ubao ulioumia hauponi kamwe. Mti hujenga kuta kuuzunguka, hukitenga kipande hicho, kisha huotesha ubao mpya juu yake. Kila tundu la mrija hubaki ndani kama mstari wa kahawia, mrefu juu na chini, na utomvu haupiti hapo tena. Kidonge kilidhoofisha ujenzi wa kuta hizo, uozo ukaenea zaidi. Vermont ilikipiga marufuku miaka ya 1980, na Kanada ikafuata.

Baada ya hapo swali la mgema lilibadilika. Zamani aliuliza namna ya kulizuia jeraha lisifunge. Sasa aliuliza jeraha dogo kabisa linalotosha ni la ukubwa gani. Jibu lililoenea tangu miaka ya 1990 ni inchi tano ya kumi na sita, milimita 8. Ukikokotoa eneo la mdomo wa tundu, hilo ni karibu nusu ya lile la milimita 11, na chini ya ombwe mavuno hayapungui sana. Tundu dogo hufungwa mapema, na mstari wake wa kahawia ni mwembamba.

Ugunduzi uliofuata ulihusu mwelekeo wa utomvu. Pampu ikizimika au mpira ukivuja, na hasa mti unapoanza kuganda jioni, mti huvuta kwa ndani. Utomvu uliokwisha kutoka, uliolala kwenye mpira pamoja na bakteria wa msimu uliopita, hurudi ndani ya tundu. Timothy Perkins na wenzake katika kituo cha utafiti wa mepo cha Proctor, Chuo Kikuu cha Vermont, walitengeneza mrija wenye vali: gololi ndogo inayoruhusu utomvu kutoka na kuziba njia unapotaka kurudi. Ukafika sokoni karibu na mwaka 2010.

Leo mgema anayechagua mirija ana hesabu ya kupiga. Mrija mpya kila msimu huleta utomvu mwingi kuliko wa zamani uliooshwa, kwa sababu ni msafi. Wenye vali hugharimu zaidi, lakini husaidia hasa pale mipira ni mikuukuu. Wa chuma kisichoshika kutu huweza kuchemshwa na kutumika tena. Mwenye miti 10,000 anayebadilisha mirija ya plastiki kila mwaka ana mirija 10,000 ya kutupa kila masika, na biashara hiyo hujinadi kwa usafi wa msitu. Na hata mrija bora haumsaidii anayeugonga kwa nguvu mpaka ubao ukapasuka, maana hewa hupenya kwenye ufa na ombwe la mlima mzima hushuka. Ndiyo maana wenye pampu huzunguka msituni kutwa, wakitega sikio wasikie mluzi wa hewa.

Miti ikianza kuchipua, utomvu hubadilika ladha na mirija hung'olewa. Tundu huachwa wazi, bila kuzibwa. Mwaka unaofuata mgema husogea pembeni na juu au chini kidogo ili asitoboe ubao uliokufa, na mti usiokua haraka hauongezi ubao mpya wa kutosha kumsubiri. Mepo ya zamani ikiangushwa na kupasuliwa mbao, mirija yote iliyowahi kuingia humo husomeka. Alama za milimita 11 ziko ndani zaidi, mistari yake mipana; zile za milimita 8 ziko karibu na gome.