Jamaa waliouficha uso, muziki ukasifiwa

Msanii anataka sura yake ionekane kila kona. Hawa jamaa wa rock wa San Francisco, Marekani, walifanya kinyume. Inasimuliwa kwamba mwaka 1971 walituma kanda kwa kampuni kubwa bila kuandika jina. Ikakataliwa, ikarudishwa ikiwa imeandikwa "Residents", yaani wakazi. Basi, jina likawa hilo!

Albamu ya kwanza, 1974, iliuza kiduchu. Hawakubadilika. Mwaka 1979 ikaja Eskimo, imejaa sauti za upepo na baridi. Kwenye kava kila mmoja kichwa ni jicho kubwa, juu kofia ndefu. Wachambuzi wakaimwagia sifa. Hapakuwa na sura wala skendo ya kusifia, ulikuwepo muziki tu. Wewe mdau, ungewasikiliza?