Kusaga Meno Usingizini: Historia ya Dhana na Majina Yake

Miongoni mwa dhana za utabibu ambazo hazijapata majina yaliyotulia katika Kiswahili ni ile ya kumrejeshea mtu, kwa njia ya chombo, habari za mwili wake mwenyewe ili ajifunze kuutawala. Katika makala haya tutaitazama dhana hiyo mahali ilipokutana na tabia ya kusaga meno usingizini, kwani hapo ndipo jina na jambo vilipoachana.

Tuanze na tabia yenyewe. Kiswahili husema kusaga meno, na wengine husema kukereza. Wataalamu wa Ulaya walikwenda kuazima Kiyunani. Mwaka 1907 Marie na Pietkiewicz waliandika kwa Kifaransa juu ya bruksomani, neno lililojengwa juu ya kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kusaga meno, likatiwa kiishio cha wazimu. Mwaka 1931 Frohman alitumia umbo la bruksizimu katika Kiingereza. Wazimu ukaondoka, kusaga kukabaki. Hapo pana kasoro ambayo neno letu nalo linayo. Walalao wengi hawasagi hata kidogo, bali hubana meno kimya kimya, na aliye kando yao hasikii kitu. Wataalamu wa mataifa mbalimbali waliotoa maelezo mapya mwaka 2013 walijumlisha kusaga, kubana, na hata kukaza au kusukuma taya la chini. Tabibu aulizaye, “Je, unasaga meno?” huweza kujibiwa hapana kwa ukweli mtupu, na huku meno yanaendelea kupasuka.

Sasa tuje kwenye chombo. Dhana ya mrejesho ilitoka kwa wahandisi, na Wiener akaieneza kwa kitabu chake cha mwaka 1948. Mwaka 1969 watafiti waliokutana California waliunda chama chao na kuipa elimu hiyo jina la baiofidibaki. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1972, Solberg na Rugh walichapisha habari za vyombo vya namna hiyo kwa watu wenye kubana na kusaga meno. Kwa mtu aliye macho jina lilifaa: misuli ya taya ikikazwa, chombo hulia, naye husikia, hutambua, hulegeza.

Usiku mambo ni mengine. Aliyelala hapokei habari, hushtuliwa. Tafiti kadhaa za miaka ya 1970 na 1980 ziliripoti kwamba kengele hupunguza kukaza taya wakati itumikapo, na ikiondolewa tabia hurudi. Na nani apendaye kuamshwa mara kwa mara? Ndiyo maana zikatafutwa njia za upole zaidi. Mwaka 2000 Nissani, huko Marekani, alieleza kifaa cha mdomoni chenye vifuko vya maji yenye ladha mbaya yasiyodhuru: meno yakibana, vifuko hupasuka. Baadaye vikaja vifuniko vya meno vyenye kipima mgandamizo, ambavyo hutetemeka badala ya kulia. Vyote vimeendelea kuitwa kwa jina lile la mchana, ingawa mapitio ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2014 hayakuona ushahidi wenye nguvu wa kuvithibitisha.

Kwa maoni yetu, Kiswahili hakina haja ya kuurithi mkanganyiko huu. Mrejesho wa mwili ubaki kuwa jina la mafunzo ya mtu aliye macho. Chombo cha usiku kiitwe kishtuzi cha taya, maana kazi yake ni kushtua, na mnunuzi apaswa kulijua hilo kabla hajatoa fedha zake. Ama tabia yenyewe, twapendekeza kukaza taya liwe jina la jumla, na chini yake yaje kusaga na kubana. Neno tabia tumelitumia kwa makusudi: mwaka 2018 wataalamu wale walisema kwamba kwa mtu mwenye afya njema jambo hili lisihesabiwe kuwa ugonjwa, bali tabia iwezayo kumletea madhara, kwa hiyo hata neno tiba, likiandikwa juu ya boksi la chombo hicho, litazamwe kwa uangalifu.