Kilichowalinda Papa wa Zamani

Mwambao mzima wa Afrika Mashariki utasikia kwamba wazee walivua papa kwa kiasi kwa sababu waliiheshimu bahari. Ujuzi wao sina ubishi nao. Kile kiasi, hata hivyo, naona kilitokana zaidi na uzi wa pamba kuliko heshima. Mvuvi wa ngalawa alikuwa na mshipi, ndoana kubwa iliyofungwa kwenye kipande cha mnyororo ili papa asiukate mshipi, na rungu la kummaliza kabla hajapandishwa chomboni. Mwenye uwezo alitega jarife, wavu wa matundu mapana, akauacha usiku kucha karibu na mlango wa hori. Lakini pamba huoza. Jarife lilihitaji kuanikwa, kutiwa maji ya magome ya mkoko ili lidumu, na kushonwa kila papa mkubwa alipolichana. Siku wavu ulipokuwa ufukweni ndizo papa walizopumua.

Huenda mtu akasema wazee hawakuwa na sababu ya kuvua zaidi, kwa kuwa walivua cha kula tu. Biashara inakataa. Papa aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa juani, aliweza kubebwa mbali na pwani bila kuharibika, na hapa ndipo nyama hiyo yenye harufu kali iliposhinda samaki wengi watamu kuliko yeye. Maini yake yalitoa sifa, mafuta ya kupaka mbao za majahazi. Mapezi yake yalikuwa yakisafirishwa kutoka Zanzibar tangu karne ya 19. Ushahidi mkubwa zaidi ni huu: kila kaskazi, majahazi ya Oman na Hadhramaut yalileta papa wa chumvi kuuza Unguja na Mombasa. Bandari zenye wavuvi wake zinaponunua papa kutoka Arabuni, soko halijashiba. Kilichokosekana ni uwezo wa kuvua.

Hoja kwamba miko ndiyo iliyowalinda papa ni nzito zaidi. Ni kweli palikuwa na mizimu ya pwani, sadaka na siku za kutovua, na mambo hayo yaliipa miamba nafasi. Ila miko ilifunga mahali na siku. Haikumfunga papa, anayeogelea kutoka hori hadi bahari kuu, wala haikumzuia mvuvi wa kisiwa cha Kojani, Pemba, kwenda dago, yaani kambi ya muda ya wavuvi, kumfuata samaki kwenye pwani nyingine. Isitoshe, papa wa aina nyingi huja maji mafupi kuzaa, huko huko jarife lilikotegwa, na wavu haumchagui mwenye mimba.

Katikati ya karne ya 20 ikaja nailoni, isiyooza. Jarife likabaki na jina lake, matundu yake na mara nyingi mshonaji yule yule, lakini sasa liliweza kurudi majini usiku baada ya usiku. Aliyeumia vibaya zaidi ni papa upanga, ambaye wanasayansi humhesabu pamoja na taa: msumeno wake hunasa kwenye wavu wowote, na biashara yake ya kimataifa ilipozuiwa karibu yote mwaka 2007, alikuwa ameshakuwa adimu. Kwa hiyo sheria inayoulizia kama chombo ni cha jadi inauliza swali lisilofaa. Iulize wavu unakaa majini muda gani, na kama unategwa mahali papa wanapozaa.