Jamaa Aliyekuwa Anapigwa Kiwi: Historia ya Stendi ya Kamera na Watu Wasio na Majina

Mtu wa kwanza kuonekana kwenye picha ya kamera, kati ya picha zinazojulikana mpaka leo, hakuwa mfalme wala staa. Ni jamaa mmoja wa Paris aliyesimama pembeni ya barabara, mguu mmoja juu, anapigwa kiwi viatu. Mwaka ni 1838. Jina lake halijulikani. Jina la aliyekuwa anampiga kiwi ndiyo kabisa.

Picha yenyewe aliipiga Louis Daguerre kutoka dirishani ghorofani, kamera ikiangalia mtaa wa Boulevard du Temple. Ukiiona leo utadhani mji umelala: majengo yapo, miti ipo, barabara nyeupe pee, hata gari la farasi hakuna. Kumbe mtaa ule ulikuwa na pilika zake kama Kariakoo Jumamosi. Kilichotokea ni kwamba bamba la fedha ndani ya kamera lilihitaji dakika kadhaa za mwanga mpaka picha ishike. Aliyepita alipita, hakuacha alama. Waliotulia vya kutosha ni wawili tu, mteja na mpiga kiwi, na huyo mpiga kiwi mwenyewe ameshika kwa ukungu kwa sababu alikuwa kazini. Samuel Morse, yule wa telegrafu, aliiona kazi hiyo Paris mwaka 1839, akamwandikia ndugu yake akishangaa hilohilo: mtaa uliojaa watu umetoka mtupu, kabaki mtu mmoja na viatu vyake.

Ukitaka kujua stendi ya kamera ilitoka wapi, anza hapo. Picha ilikuwa makubaliano ya kutulia kati ya pande mbili. Mtu atulie, kamera itulie. Mmoja akitikisika, imekwisha.

Agosti 19, 1839 Ufaransa iliitoa hadharani siri ya Daguerre, ndiyo maana kila mwaka tarehe hiyo mnaposti Siku ya Picha Duniani. Mwaka huohuo, kule Philadelphia, kijana Robert Cornelius alisimamisha kamera nyuma ya duka la familia yao, akaenda kukaa mbele yake na nywele zake timutimu, akajipiga. Ndiyo selfie ya zamani zaidi tunayoijua. Hakukuwa na mkono wa kuishika kamera. Ilibidi isimame yenyewe, na jamaa agande mbele yake.

Sasa hapa kuna jambo mtandaoni linanikera. Kuna ile posti inayorudi kila baada ya miezi: picha ya kizamani, mtu kasimama na suti yake, halafu nyuma ya viatu vyake unaona kitako cha chuma. Kapsheni inasema huyo ni maiti, amesimamishwa kwa chuma apigwe picha ya mwisho na familia. Chini yake watu elfu wanaweka emoji za kuogopa.

Wadau, huyo alikuwa mzima kabisa! Kile chuma kilikuwa kifaa cha kawaida cha studio karne ya 19. Ni fimbo yenye kitako kizito chini, na juu ina vidole viwili vinavyoshika kisogo ili kichwa kisiyumbe kwa sekunde zote ambazo lenzi imefunguliwa. Kiliweza kumkumbusha mtu aliye hai asitingishike. Kubeba uzito wa mwili usio na uhai, thubutu, kingeanguka nao. Na fikiria kidogo tu: maiti anahitaji kushikiwa kichwa cha nini? Maiti hatikisiki. Picha za marehemu zilikuwepo kweli, lakini wengi walipigwa wamelazwa kitandani au kwenye jeneza, na watoto mapajani kwa mama zao. Mara nyingine, mtoto akiwa amepakatwa, aliyetoka safi ni marehemu na wenye ukungu ni wazazi wanaopumua. Hiyo inatisha kuliko hadithi ya chuma, na ni ya kweli.

Kwa hiyo zile nyuso za babu zao zilizokunjwa kama wanadaiwa kodi, sehemu ya sababu ni hiyo. Jaribu wewe kutabasamu nusu dakika na chuma kisogoni.

Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer akaleta njia ya vioo vilivyopakwa dawa. Muda wa kupiga ukashuka hadi sekunde, ila mzigo ukapanda. Kioo kilipakwa dawa, kikapigwa picha na kusafishwa palepale kabla hakijakauka, dakika chache tu. Ina maana mpiga picha alitembea na chumba cha giza. Roger Fenton alipokwenda kwenye vita vya Crimea mwaka 1855 alibeba kamera tano, vioo karibu 700, na gari la farasi la muuza mvinyo lililogeuzwa maabara. Angalia picha zake: mahema, maofisa wamepozi, bonde limejaa risasi za mizinga zilizokwisha kupigwa. Watu wakipigana hawamo. Hata angetaka, vita haviwezi kuganda sekunde kadhaa vikisubiri lenzi.

Na huku kwetu? Mwaka 1860 James Augustus Grant alifika Unguja na kamera, akiwa na John Hanning Speke, njiani kwenda kutafuta chanzo cha Nile. Alipiga picha pale mjini. Safari ilipoanza kuingia bara ndipo shughuli ikaonekana: kujifungia ndani ya kihema cha giza, kwenye joto la pwani, unapaka na kuosha vioo kwa dawa zinazonuka. Speke mwenyewe aliandika kwamba joto la kile kihema lingemuua mwenzake. Kamera ikarudishwa, Grant akaendelea na penseli na rangi za maji. Kwa hiyo safari iliyoandikwa kwenye vitabu vyote vya historia tunaiona zaidi kwa michoro.

Mimi huwa nawafikiria wapagazi. Kamera, miguu yake ya mbao, masanduku ya vioo, chupa za dawa, vyote hivyo kwenye misafara ya zama zile vilikuwa juu ya kichwa cha mtu. Majina yao ni machache sana yaliyoandikwa. Baadaye studio zikafunguliwa Mji Mkongwe, ya A. C. Gomes ikiwa kati ya zilizovuma, na kadi za posta za Unguja zikasambaa duniani. Ziangalie siku moja. Mwanamke kavaa kanga zake, kasimama wima mbele ya pazia, macho makavu kwenye lenzi. Chini pameandikwa, mara nyingi, kabila lake au kazi yake. Basi. Yeye ndiye aliyetulia, lakini anayejulikana ni mwenye studio. Ni yuleyule jamaa wa kiwi, ila safari hii jina lingeweza kuulizwa, alikuwa hatua tatu tu kutoka kwa mpiga picha. Studio ya Capital Art ya Ranchhod Oza ilipofunguliwa hapohapo Unguja mwaka 1930, watu wa mji walikuwa wanaingia wenyewe, wanalipa, wanachagua pozi. Hapo mambo yanabadilika: picha ni yako, unaibeba nyumbani.

Stendi nayo ilianza kupoteza cheo. Kodak ya 1888 ilishikwa mkononi. Leica ya 1925 iliingia mfukoni mwa koti. Kwa miongo mingi stendi ikabaki ya studio, sinema na wapiga mandhari. Hata fimbo ya selfie ina babu yake: Hiroshi Ueda wa kampuni ya Minolta, Japani, aliibuni miaka ya 1980 baada ya safari ya Ulaya ambako alimwomba mtoto ampigie picha, mtoto akakimbia na kamera. Haikuuza. Ilisubiri simu.

Leo stendi imerudi kwa kishindo, na waliorudisha ni nyinyi. Wa kontenti, wa harusi, wa mapishi, wa kuuza viatu laivu. Na wengi wananunua vibaya, kwa sababu dukani wanaangalia urefu na bei. Kila mpiga picha wa harusi mjini ana stori ya kamera ya kukodi iliyolala chini katikati ya ukumbi, na deni lililofuata.

Kwanza, kwa nini miguu mitatu? Ulizia jikoni. Bibi zetu hawakuweka mafiga manne. Mafiga matatu hayachezi hata ardhi iwe na mabonde, kwa sababu pointi tatu siku zote zinakaa kwenye usawa mmoja. Ukiongeza la nne, moja litaning'inia na chungu kitayumba. Stendi ni mafiga marefu, hakuna siri nyingine.

Ukiwa dukani, ifungue yote, miguu yote hadi mwisho. Muuzaji akinuna mwache anune. Halafu weka kiganja juu ya kichwa chake na ukandamize, kisha ujaribu kukizungusha kama unafunga kopo. Miguu ikijipinda kama ya ndama aliyezaliwa leo, ondoka. Angalia kipande cha chini kabisa cha mguu, kile chembamba, maana uimara wa stendi nzima unaishia pale. Stendi yenye vipande vitatu kwa mguu kwa kawaida ni ngumu kuliko ya vipande vitano, japo ya vitano inakunjika ikaingia kwenye begi la mgongoni. Ile nguzo ya katikati inayopanda juu ni mtego: ukiipandisha, umegeuza miguu mitatu kuwa mguu mmoja. Nunua inayofika usawa wa macho yako bila hiyo nguzo. Na kama kamera na lenzi vina kilo moja na nusu, tafuta iliyoandikwa inabeba tatu au zaidi. Zile namba za kwenye boksi huwa zina matumaini mengi.

Alumini au kaboni? Kaboni ni nyepesi na inanyonya mtikisiko vizuri, Gitzo wa Ufaransa wakiwa wameianzisha kwenye stendi miaka ya 1990, lakini bei yake ni ya mtu aliyekwisha kulipwa. Anza na alumini nzito. Uzito ni rafiki. Ikiwa na ndoano chini ya nguzo, tundika begi lako pale, upepo wa Coco Beach hautaihamisha. Ukitoka kwenye mchanga na chumvi, ifungue na kuiosha miguu kwa maji baridi siku hiyohiyo, ikauke ndipo uifunge.

Kichwa kinategemea kazi. Cha mpira kinafaa picha za kawaida, unalegeza kitu kimoja unageuza popote. Video inataka kichwa chenye mafuta mazito ndani, kinachozunguka polepole bila kushtuka. Kwa simu, usibane moyo: stendi nzuri na holda ya chuma, ila kwepa holda ya plastiki yenye springi legevu.

Vikorokoro vingine sitaviongelea sana. Betri ya pili, kadi mbili za memori badala ya moja kubwa, kitambaa cha lenzi. Rimoti kama unayo. Kama huna, tumia taima ya sekunde mbili, kwa sababu kidole chako kinachobonyeza nacho kinatikisa kamera. Lenzi yako ikiwa ya kizamani na ina kizuia mtikisiko, kizime ukiwa kwenye stendi, vinginevyo inaweza kuhangaika kutafuta mtikisiko ambao haupo.

Ila kimoja nakisifia: filta nyeusi, ile inayoitwa ND. Ni miwani ya jua ya lenzi. Ya stopu 10 inageuza sekunde moja ya 125 kuwa kama sekunde nane. Panda nayo ghorofani Kariakoo saa sita mchana, kamera kwenye stendi imara, piga ya nane, kisha ongeza hadi dakika moja mbili. Bodaboda zinayeyuka. Mikokoteni, wapita njia, daladala linalotembea, vyote vinakuwa moshi, halafu vinapotea. Atakayebaki ni aliyekaa kwenye kigoda kusubiri mteja, na mteja akija, mguu mmoja juu, naye anabaki. Shuka umuulize jina, uliandike kwenye kapsheni.

Na msiogope stendi za mtumba. Ile skrubu ya juu inayoingia kwenye kamera ni ya robo inchi, nyuzi 20 kwa inchi, kipimo alichokipanga fundi Mwingereza Joseph Whitworth mwaka 1841. Kamera karibu zote za leo zina tundu hilo, na holda ya simu yako nayo. Kwa hiyo stendi nzito ya babu wa studio iliyolala stoo miaka 40 inaweza kuibeba kamera uliyonunua juzi. Kagua vifungio vya miguu, kaza nati, paka mafuta kidogo. Skrubu ikiwa nene kuliko tundu, hiyo ni ya inchi tatu kwa nane. Ulizia adapta yake.