Makontena yanavyogeuzwa karakana na maduka Nairobi

Kontena ni sanduku kubwa la chuma lililobuniwa kusafirishia shehena. Matumizi yake ya kisasa yalianza Aprili 26, 1956, wakati meli Ideal X ya Mmarekani Malcom McLean ilipong'oa nanga Newark ikiwa na makontena 58. Kontena la kawaida huwa na urefu wa futi 20 ama 40, na upana wa futi 8.

Kwa kuwa Kenya hununua bidhaa nyingi kutoka nje kuliko inazouza, makontena mengi hubaki matupu baada ya kupakuliwa. Yaliyochakaa huuzwa, nao mafundi wa kuchomelea huyakata madirisha na milango. Hivyo ndivyo yanavyogeuka maduka, mikahawa na zahanati.

Wasanii wa Nairobi nao waling'amua faida hiyo. Kituo cha Kuona Trust, kilichoanzishwa 1995 katika Makavazi ya Kitaifa, kilihamia GoDown mwaka wa 2003 na baadaye mtaa wa Hurlingham, ambako makontena yalifanywa karakana za wachoraji na wachongaji.

Kibera, ambako kijiji cha Mashimoni kinapatikana, ina wasanii wake pia. Kikundi cha Maasai Mbili kilianzishwa 2001 na Otieno Gomba na Otieno Kota, waliokuwa wachoraji wa mabango ya biashara. Mtaani humo, sanaa na biashara ndogo ndogo hutegemeana: muuza chapati humhitaji mchora bango, naye mchoraji hula kwa muuza chapati.

Tatizo kuu ni ardhi. Wakazi wengi hawana hatimiliki, na Julai 2018 nyumba, shule na vibanda vilibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong na Langata. Kibanda kikibomolewa, mtaji hupotea. Kontena huinuliwa kwa kreni likapelekwa kwingine. Hata hivyo, vichochoro vya ndani ni vyembamba mno kwa lori, hivyo kontena hufaa zaidi kandokando ya barabara.

Chuma pia hushika joto, na huhitaji matundu ya hewa na paa la pili juu yake. Sakafu za mbao za makontena mengi hutiwa dawa ya kuua wadudu. Anayenuia kupikia humo hana budi kuzing'oa au kuzifunika barabara.

Aidha, kontena likihamishwa, wateja hawahamishwi nalo. Kwa sababu hiyo, wanaotaka kulitumia kwa pamoja hushauriwa waafikiane kwanza kuhusu kiwanja, maji na choo, kabla ya kununua chuma.