Kipande na Sarafu: Funzo la Historia ya Kenya kwa Kanisa

Utangulizi

Katika sharika zetu wako Wakristo, hasa vijana, wanaonunua na kuuza sarafu mtandao kama Bitcoin kwa simu zao. Wengine humwuliza mchungaji kama ni dhambi kutumia fedha ambayo serikali haikuitoa. Serikali zenyewe zimechukua muda kupata msimamo. Benki Kuu ya Kenya iliwaonya wananchi Desemba 2015. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba shilingi ndiyo fedha pekee halali nchini. Na mwaka 2025 Kenya ilitunga sheria ya kuwapa leseni watoa huduma za mali hizo, ambao sharti wawatambue wateja wao. Kwa hiyo, anayetaka kupitia kwa mtoa huduma hutakiwa kwanza athibitishe yeye ni nani. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba fungamano kati ya utambulisho wa mtu na fedha yake si jambo geni kwetu, na kwamba historia yake yaweza kumsaidia mchungaji katika kujibu.

1. Kipande na ujira

Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitunga sheria ya kuandikisha wenyeji, nayo ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kuchukua kipande: karatasi yenye jina lake, alama za vidole vyake, majina ya waajiri wake na ujira aliolipwa. Wengi walikitia katika kikebe cha chuma na kukivaa shingoni. Mwajiri asipotia sahihi ya kumruhusu kuondoka, mfanyakazi aliyekwenda zake alihesabiwa kuwa mtoro, akatafutwa na kuadhibiwa. Tena, kwa kuwa ujira wa zamani uliandikwa humo, mwajiri mpya aliuona kabla ya kupatana naye.

Katika miaka hiyohiyo fedha nayo ilibadilishwa. Rupia iliondolewa, ikaja florini mwaka 1920, kisha shilingi. Kodi ilipandishwa, na mwaka 1921 walowezi wakaazimia kupunguza ujira wa Waafrika kwa theluthi moja. Hivyo mtu yuleyule alifungwa kwa kamba mbili: kodi ilimlazimisha atafute fedha, na kipande kikamzuia asitafute penye malipo bora. Harry Thuku alipozipinga kodi, kipande na kupunguzwa kwa ujira, alikamatwa Machi 1922. Watu walikusanyika Nairobi kudai aachiliwe, wakapigwa risasi. Wasiopungua 20 walikufa.

Kipande kilifutwa mwaka 1947, ikaja sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote. Walowezi walipotakiwa nao watoe alama za vidole, walilalamika kwamba wanadhalilishwa. Jambo waliloliona la kawaida kwa wengine kwa miaka zaidi ya 25 lilikuwa aibu lilipowafikia wao.

2. Uhuru na namba

Baada ya uhuru, kitambulisho kikawa alama ya uraia. Lakini tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na usajili wa laini za simu ukafuata, kitambulisho kimekuwa pia mlango wa fedha. Asiye nacho hubaki nje. Washona waliohamia Kenya kutoka Zimbabwe katika miaka ya 1960, wengi wao wakiwa watu wa kanisa waliokuja kuhubiri, walikaa bila uraia kwa miongo kadhaa. Watoto wao waliozaliwa Kenya hawakuweza kufungua akaunti wala kusajili simu kwa majina yao. Mwaka 2021 zaidi ya 1,600 kati yao walipewa uraia.

Mwaka 2019 Kenya ilianza kuandikisha watu wote kwa Huduma Namba. Wanubi, ambao kwa muda mrefu wamepata taabu ya kupewa vitambulisho, walikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani. Januari 2020 Mahakama Kuu ilikataza kuchukuliwa kwa vinasaba, ikataka sheria ya kulinda taarifa itangulie. Yaani mtunza daftari naye alipewa sheria ya kumfunga.

3. Mamlaka na mipaka yake

Waraka ulioanzisha Bitcoin ulitolewa mwaka 2008, kwa kusudi la kuwawezesha watu kulipana bila benki. Historia ya kipande yatufanya tuelewe kwa nini wako wanaovutwa na fedha isiyodai jina. Hata hivyo, palipo bila jina hapana wa kumjibu mnyonge. Mjane akidanganywa, au akipoteza ufunguo wa siri wa sarafu zake, hana ofisi ya kuiendea. Waafrika wa Kenya hawakukishinda kipande kwa kujificha. Walidai sheria iliyo sawa kwa wote.

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika Kifungu cha 16, lakiri kwamba serikali ni agizo jema la Mungu, na kwamba utii kwake hukoma pale inapoamuru dhambi. Luther, mwaka 1523, alifundisha kwamba mamlaka hiyo yahusu mwili na mali, wala haitawali roho. Basi serikali inayosimamia sarafu mtandao haivuki mpaka wake. Huuvuka inapogeuza utambulisho kuwa kikebe cha shingoni: inapoandika mambo ya mtu yasiyoihusu, au inapomnyima jina anayestahili.

Hitimisho

Mchungaji akiulizwa, asijibu kwa haraka kwamba ni dhambi au si dhambi. Na auchunguze moyo wa muulizaji: je, anatafuta utajiri wa bahati nasibu, anaficha mali ya wizi, au anakimbia kuonewa? Kisha Kanisa na liwatafute walio miongoni mwetu wasio na vitambulisho, liwasindikize ofisini mpaka wavipate. Yeye awaitaye kondoo wake kwa majina hakuwaandika ili awauze.