Lishe ya Mshipani

Mtu wa Chaani akitundikiwa dripu katika zahanati ya mtaa, jamaa zake husema "katiwa maji". Hapo wamesema kweli. Akiongeza mtu kwamba mgonjwa sasa "anakula kwa mshipa", amepotoka. Chupa ya lita moja ya maji ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari, yaani kama kilokalori 170 tu, bila protini wala mafuta. Chapati moja ya mafuta yaweza kuishinda.

Lishe ya mshipani ni kitu kingine. Ni mfuko uliochanganywa glukosi nyingi, asidi amino, mafuta, chumvichumvi na vitamini, kwa ajili ya mtu ambaye utumbo wake umeziba, umetoboka au umekatwa. Kwa kuwa mchanganyiko huo ni mzito, aghalabu hupitishwa kwenye mshipa mkubwa wa shingoni au kifuani. Stanley Dudrick na wenzake kule Philadelphia ndio walioonyesha katika miaka ya 1960 kwamba kiumbe anaweza kukua kwa chakula hicho peke yake. Walianza na vitoto vya mbwa. Jina la kitaalamu, lenye asili ya Kigiriki, lataja kupita kando ya utumbo. Kiswahili kimetaja njia yenyewe, nami naona kimefanya vyema. Ila tuseme "mshipani", kwa sababu Pwani ukisema fulani "ana mshipa" watu watafahamu ngiri.

Taabu huanza na sukari. Mwili wa mgonjwa mahututi humwaga kotisoli na adrenalini, ini likatoa sukari, na insulini ikapungua nguvu. Juu yake waja mfuko, na glukosi yake huingia damuni bila kupita tumboni, ambako kwa kawaida kongosho hupata taarifa mapema.

"Sista, mamangu hana sukari, mbona adungwa insulini?"

"Ni kweli, mamako hana sukari. Sukari yake imepanda."

Neno moja limebeba ugonjwa na kipimo, na jibu la muuguzi limevitenganisha bila istilahi mpya.

Sukari hiyo ishushwe hadi wapi? Mwaka 2001 utafiti wa Leuven, Ubelgiji, uliibana kati ya miligramu 80 na 110 kwa desilita, na vifo vikapungua. Wagonjwa wake, lakini, walikuwa wakitiliwa glukosi nyingi mshipani tangu siku ya kwanza. Mwaka 2009 utafiti wa NICE-SUGAR, wenye wagonjwa zaidi ya 6,000, ulitoa jibu la kinyume: waliobanwa walikufa asilimia 27.5, walioachiwa nafasi asilimia 24.9. Tangu hapo wengi huanza insulini sukari ikifika 180, wakaishikilia kati ya 140 na 180. Kwa mashine zetu za milimoli, 7.8 hadi 10.

Hatari kubwa ni mfuko kukatika huku insulini ikiendelea, sukari ikashuka kupita kiasi. Aliyelazwa kwa dawa za usingizi hasemi kwamba anatetemeka, kwa hiyo muuguzi hutundika haraka glukosi ya asilimia 10, akapunguza au kusimamisha insulini, na kupima tena. Na damu ya kupimia isitolewe kwenye mrija unaopitisha lishe: tone la glukosi lililosalia mle litapandisha kipimo, na mgonjwa ataongezewa insulini asiyoihitaji.